Zimwi Mlangoni: Uigizaji wa Sauti katika Ngano za Katuni na Sikio la Mtoto wa Kaptagat

Utangulizi

Kaptagat, nchi ya misitu na baridi iliyo upande wa mashariki wa mji wa Eldoret, karibu na ukingo unaolitazama bonde la Kerio, inajulikana duniani kwa miguu ya wanariadha wake. Huko ndiko alikofanyia mazoezi Eliud Kipchoge, ambaye tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia masafa ya marathoni kwa muda wa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ni nadra mahali hapo kutajwa kwa ajili ya lugha. Walakini mtoto anayekulia Kaptagat leo yumo katika njia panda ya lugha ambayo wanaisimu hawana budi kuitazama. Nyumbani husikia Kikeiyo au Kinandi, lugha zilizo katika kundi la Kikalenjin. Shuleni na sokoni husikia Kiswahili. Darasani husomeshwa Kiingereza. Na jioni, pale ambapo zamani bibi alikuwa akisimulia ngano kando ya moto, televisheni humsimulia ngano hizo hizo, au zinazofanana nazo, kwa sauti za watu asiowajua.

Makala haya yanakusudia kuchunguza sauti hizo. Wahakiki wa fasihi ya watoto wamekuwa wepesi wa kutazama picha na maudhui ya filamu za katuni: nani amechorwa vipi, na funzo ni lipi. Sauti imeachwa kama jambo la mafundi. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba katika ngano sauti si pambo la nje. Ni sehemu ya maudhui yenyewe, na kwa hiyo uteuzi wa mwigizaji wa sauti, lugha atakayosema, na lafudhi atakayopewa, ni tendo la kifasihi linalostahili kuhakikiwa kama vile mtindo wa mshairi unavyohakikiwa. Mfano mkuu utakaotumika ni mfululizo wa televisheni uitwao Tinga Tinga Tales, uliotokana na ngano za Kiafrika na ambao picha zake zilitengenezwa Nairobi. Mifano mingine itatolewa kwa kulinganisha tu.

1. Ngano kama mtihani wa sikio

Kabla ya kuuliza sauti inafanya nini katika katuni, yafaa kuuliza inafanya nini katika ngano. Jibu linapatikana katika kisa kimoja kilichoenea sana duniani, kisa cha adui aliyesimama mlangoni.

Katika mkusanyiko wa ndugu Grimm wa mwaka 1812 imo ngano ya mbwamwitu na wanambuzi saba. Mama ameondoka, mbwamwitu anabisha na kujidai kuwa ndiye mama, wanambuzi wanamkataa kwa sababu sauti yake ni nzito. Anakwenda kula chaki ili sauti ipate kulainika. Kusini mwa Afrika, katika ngano ya Demane na Demazana iliyochapishwa na George McCall Theal mwaka 1882, mla-watu anakataliwa na msichana aliyejifungia pangoni kwa sababu hiyo hiyo. Naye anachoma koo lake kwa chuma cha moto ili sauti yake ifanane na ile ya kaka wa msichana. Miongoni mwa Wakalenjin wenyewe, A. C. Hollis katika kitabu chake juu ya Wanandi, kilichotolewa mwaka 1909, ameeleza habari za Chemosit, nusu mtu na nusu ndege, mwenye mguu mmoja na kinywa chekundu king'aacho usiku kama taa. Zimwi hilo halibishi mlango. Huimba usiku karibu na mahali walipo watoto, nao wakiona nuru na kusikia wimbo hudhani kuwa pana ngoma, wakatoka, wakaliwa.

Visa hivi vitatu havikuazimana kwa lazima, lakini vyote vinakubaliana katika jambo moja: hatari huja kwa njia ya sikio, na sikio ndilo la kwanza kuijua. Mtoto aliye salama ni yule aliyezoea sauti ya mamaye kiasi cha kutambua tofauti. Adui naye anafahamu hivyo. Ndiyo maana anajitaabisha kula chaki na kuchoma koo. Yaani zimwi ndilo mwigizaji wa sauti wa kwanza katika fasihi. Linatafuta sauti isiyo yake ili lipate kufunguliwa mlango.

Maana ya jambo hili kwa mhakiki ni kubwa. Ngano haikuwa ikimfundisha mtoto kwamba sauti nzuri ni ya mtu mwema na sauti mbaya ni ya mtu mbaya. Ilikuwa ikimfundisha kinyume chake: kwamba sauti nzuri yaweza kuwa ya mlaji, na kwamba hapana budi kuuliza ni ya nani. Katuni nyingi za kibiashara, kama itakavyoonyeshwa, zimeligeuza funzo hilo.

2. Fanani mmoja, vinywa vingi

Katika usimulizi wa Wakalenjin, ambao Ciarunji Chesaina aliukusanyia mifano na kuueleza katika kitabu chake cha mwaka 1991, msimulizi huwa mmoja na wahusika huwa wengi. Yeye ndiye sungura na ndiye tembo. Chukua kisa kinachojulikana sana cha sungura aliyebebwa mgongoni na tembo wakivuka mto. Tembo amechukua asali. Sungura aliye juu anaila kidogo kidogo, na mahali pa asali anatia mawe. Mazungumzo yanakwenda kati ya aliye chini na aliye juu. Msimulizi hana jukwaa wala vazi. Ana koo lake tu. Kwa tembo anashusha sauti na kuiburuta. Kwa sungura anaipandisha, anaiharakisha, na kuitia unyonge wa uongo. Anayesikiliza hucheka kwa sababu anasikia unyonge ule na anajua si wa kweli.

Hapa pana mambo mawili yanayopotea mara nyingi katika studio. La kwanza ni kwamba sauti zote zinatoka katika kifua kimoja ambacho mtoto anakifahamu. Hata zimwi linapounguruma, chini ya mngurumo ule ipo sauti ya bibi. Kwa hiyo hofu ya ngano ni hofu iliyoshikwa mkono. La pili ni kwamba sauti ya msimulizi husubiri. Hadhira ya Waswahili huitwa kwa paukwa ikajibu pakawa; nayo hadhira ya Wakalenjin huitika, hudakia wimbo, na huweza kumkatiza msimulizi kumwuliza. Msimulizi huongeza au hupunguza kulingana na macho anayoyaona mbele yake.

Katika katuni kazi hiyo ya mtu mmoja hugawiwa watu kumi, kila mmoja akirekodi mistari yake, mara nyingi peke yake chumbani, bila ya kumwona mwenziwe wala hadhira. Baadhi ya vipindi vimejaribu kurudisha itikio kwa kuacha kimya kifupi ili mtoto ajibu. Dora the Explorer, kilichoanza Marekani mwaka 2000, kilijulikana kwa mbinu hiyo. Lakini kimya hicho ni cha kupimwa kwa sekunde. Mtoto akijibu vyema au vibaya, au asijibu kabisa, sauti itaendelea kumpongeza. Si haki kuilaumu mashine kwa kutokuwa mtu. Ila ni haki kudai kwamba, maadamu sauti ya katuni haiwezi kusubiri, basi angalau iwe sauti yenye kwao.

3. Tinga Tinga Tales: rangi ya nyumbani, sauti ya safari

Mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulianza kuonyeshwa mwaka 2010 katika idhaa ya watoto ya BBC huko Uingereza, na baadaye katika idhaa ya watoto ya Disney. Ulibuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, na picha zake zikachorwa na kuendeshwa na mafundi wa Homeboyz jijini Nairobi. Una visa 52, kila kimoja cha dakika kumi na moja hivi. Jina na mtindo wa picha vimetokana na Edward Saidi Tingatinga, mchoraji wa Tanzania aliyeanza kazi yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kupakia baiskeli, na aliyefariki mwaka 1972. Msimulizi wake ni Tumbili Mwekundu. Kila kisa kinajibu swali la asili: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu, na kadhalika. Ni visa vya usuli, utanzu ambao fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki ni tajiri kwao.

Sifa zinazostahili hazina budi kutolewa kwanza. Huu ulikuwa miongoni mwa mifululizo michache iliyopata watazamaji wa nchi nyingi huku kazi ya mikono ikifanywa Nairobi. Muziki wake, ambao Eric Wainaina wa Kenya alikuwa miongoni mwa watunzi wake, hautumiki kama kitambaa cha kufunikia nafasi tupu. Unabeba kisa, kama wimbo unavyobeba ngano. Wainaina na Sheba Hirst waliuendeleza baadaye ukawa mchezo wa jukwaani wenye nyimbo, ambao ulifika New York mwaka 2018. Aidha, wahusika wanaitwa kwa majina ya aina zao, Tembo, Simba, Kiboko, bila ya jina la kubandikwa. Kwa Kiingereza, kuliacha neno kama hilo pasipo kibainishi ni jambo lisilo la kawaida, na hulifanya jina la mnyama kuwa jina la mtu. Kwa Kiswahili hilo ndilo desturi: sungura akasema, fisi akajibu. Katika nukta hii mwandishi wa Kiingereza amekubali kufuata kanuni ya ngano ya Kiafrika, pengine kuliko Rudyard Kipling, ambaye mwaka 1902 alisimulia habari ya mkonga wa tembo kwa namna iliyoufanya mto wa Afrika uonekane kama uwanja wa kuchezea wa watoto wa Uingereza.

Ila picha ikishasifiwa, swali la sauti linabaki. Lugha ya asili ya mfululizo ni Kiingereza. Baadhi ya waigizaji wa sauti walikuwa mashuhuri Uingereza. Tembo, kwa mfano, alitiwa sauti na Lenny Henry, mchekeshaji aliyezaliwa Uingereza kwa wazazi waliotoka Jamaika. Henry ni mwigizaji hodari. Kosa haliko katika uhodari wake. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni Kiingereza cha namna gani kinachosemwa na wanyama wa mbuga hii. Lafudhi inayosikika kwa wingi ni ile inayoweza kuitwa ya Kiafrika kwa jumla: irabu zilizopanuliwa, mkazo uliopigwa kila silabi, kicheko kizito. Mtaalamu wa lafudhi akiitega sikio, atapata taabu kusema kama ni ya Kenya, Tanzania, Malawi au Nigeria. Ni lafudhi ya safari, isiyo na kijiji.

Yawezekana kuitetea kwa hoja kwamba ngano nazo hazina kijiji, na kwamba mfululizo unachanganya visa vya mataifa mengi. Hoja hiyo ina nguvu kiasi. Ngano husafiri, lakini kila inapofika hupata koo la mahali. Sungura wa Waswahili akivuka na kufika kwa Wakeiyo huwa kiplengwet, na husema kama mtu wa huko. Lafudhi ya jumla haifiki popote. Mtoto wa Kaptagat akiisikia, huambiwa kwa macho kwamba hawa ni wanyama wa kwao, na kwa masikio kwamba wanyama wa kwao husema kama wageni wanavyodhani Waafrika husema. Hapo, kwa lugha ya ngano, kuna mtu mlangoni anayejaribu sauti ya mama.

Njia nyingine ilikuwapo. Mwaka 1998 Michel Ocelot alipotengeneza filamu ya Kirikou et la sorcière, iliyotokana na ngano ya Afrika ya Magharibi, sauti za Kifaransa zilirekodiwa Dakar, na watoto wa Senegal wakaigiza. Lugha ilibaki ya mkoloni wa zamani, lakini Kifaransa kile kina mji wake na mitaa yake. Anayekisikia anajua kinatoka wapi. Lugha ya kigeni yaweza kuwa na kwao ikiwa inasemwa na wenye kuikalia.

4. Lafudhi kama adhabu

Jambo la pili ni mgawanyo wa lafudhi kati ya wahusika. Hapa mfano wa Marekani unafundisha. Rosina Lippi-Green, katika kitabu alichokitoa mwaka 1997, alichunguza wahusika 371 katika filamu 24 za katuni za Disney. Aligundua kwamba wahusika wenye lafudhi za kigeni walipewa tabia mbaya kwa kiwango cha takriban mara mbili kuliko wale waliosema kama wenyeji wa lugha. Filamu ya The Lion King ya mwaka 1994 ni kielelezo kinachowahusu Waswahili moja kwa moja. Simba mtu mzima anasema kwa sauti ya Matthew Broderick, Mmarekani mweupe. Ami yake mwovu, Scar, kwa Kiingereza cha Uingereza cha Jeremy Irons. Na fisi mkuu kwa sauti ya Whoopi Goldberg, kwa namna ambayo wahakiki wa Marekani waliitambua mara moja kuwa ni ya mitaa ya maskini wa mijini. Fisi huyo anaitwa Shenzi. Kiswahili kimetoa jina la mfalme na jina la tusi, lakini kilipewa nafasi ndogo tu ya kusema, kama kwa Rafiki, ambaye maneno yake ya Kiswahili ni ya mchezo wa vina tu. Aliyemtia Rafiki sauti, Robert Guillaume, ndiye pia aliyekuwa msimulizi wa mfululizo wa televisheni wa Happily Ever After, ulioanza mwaka 1995, ambao ulizisimulia upya ngano za Ulaya kwa wahusika wa mataifa na rangi mbalimbali. Hii yaonyesha kwamba koo lile lile laweza kutumiwa kwa mzaha au kwa heshima. Tofauti imo katika maandishi na katika uamuzi wa mwelekezi.

Kenya haina haki ya kuwanyoshea Wamarekani kidole bila ya kujitazama. Vichekesho vya redio na televisheni vya nchi hii vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya lafudhi za makabila. Ukumbi wa Vitimbi ulimpa Mkenya Mzee Ojwang', aliyeigizwa na Benson Wanjau hadi uzeeni. Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu, na lafudhi aliyoivaa ilikuwa ya Kijaluo. Watazamaji wa makabila yote walimpenda. Sababu yake yafaa kuchunguzwa: lafudhi ya Ojwang' ilikuwa ya mtu mzima mwenye nyumba, mke, hasira na hekima yake ya namna fulani. Haikuwa alama ya upumbavu pekee. Lafudhi ilikuwa barakoa, na nyuma ya barakoa palikuwa na mtu.

Kinyume cha hayo ni desturi, iliyozoeleka katika mzaha wa mijini, ya kumpa bawabu, mkimbiaji asiyejua kujieleza, au mlinzi wa usiku lafudhi ya Kikalenjin, kisha kumwacha hapo. Sifa za lafudhi hiyo zina chanzo cha kiisimu kilicho wazi. Fonolojia ya Kikalenjin haitofautishi vipasuo ghuna na visivyo ghuna kama Kiswahili kinavyotofautisha. Kwa hiyo jozi kama pata na bata, koti na goti, taka na daka, huweza kukaribiana kinywani mwa msemaji. Kadhalika Kikalenjin kina kikwamizo s, lakini hakina z. Zimwi huweza kusikika kama simwi. Huu si uzembe wa ulimi. Ni mfumo mmoja wa sauti ukisalimiana na mwingine. Na huo mwingine hauna yote: Kikalenjin kina upatanifu wa irabu na toni zibebazo maana, mambo ambayo Kiswahili hakina kwa namna hiyo, na ambayo mwenye Kiswahili cha kwao angeyashindwa mchana kweupe.

Inapotokea basi kwamba katika katuni mhusika mwenye akili anasema Kiswahili kisicho na kabila, na mhusika mjinga anasema simwi, mtoto wa Kaptagat anafundishwa jambo ambalo halimo katika ngano yoyote ya kwao. Anafundishwa kwamba sauti ya baba yake ndiyo sauti ya kuchekwa. Atajifunza upesi kula chaki.

5. Kiswahili kinywani mwa katuni

Kuna wasemao kwamba dawa ni moja: katuni zote za Kiswahili zitumie Kiswahili sanifu, kwa sauti moja isiyo na asili. Rai hii inatokana na kutofahamu maana ya usanifishaji. Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisimamia tahajia, msamiati na sarufi, hasa kwa ajili ya vitabu vya shule. Iliuchukua msingi wa Kiunguja katika maandishi. Haikuweza kuyasanifisha makoo ya watu. Sarufi sanifu yaweza kusemwa kwa lafudhi ya Unguja, ya Mombasa, ya Tabora, ya Bukavu au ya Kaptagat, na ikabaki sanifu.

Uzoefu wa Tanzania unatoa mwanga. Ubongo Kids, kipindi kilichotengenezwa Dar es Salaam na kuanza kuonyeshwa mwaka 2014, kilitungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Kipindi kingine cha kampuni hiyo hiyo, Akili and Me, kinamhusu Akili, mtoto wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia nchi ya ndoto yenye wanyama marafiki, kama mtoto wa ngano apitaye mlango wa siri. Tofauti kati ya kazi iliyotungwa kwa Kiswahili na ile iliyotiwa Kiswahili baadaye ni ya kiufundi na ya kisanaa pia. Katika katuni iliyotungwa, kwa kawaida sauti hurekodiwa kwanza, na mchoraji huufuatisha mdomo wa mhusika na maneno. Katika katuni iliyotafsiriwa, mdomo umekwisha kufunguka na kufungwa kwa Kiingereza, na mwigizaji wa Kiswahili hana budi kuyabana maneno yake humo. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Kitenzi cha Kiswahili hubeba nafsi, njeo na mtendwa kwa pamoja. Neno moja la kumwambia mtu akimbie huwa silabi tatu, na likisemwa kwa watu wengi huwa nne. Matokeo yake ni mwendo wa haraka usio wa kawaida, mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho ukapotea, na kiimbo kikawa cha Kiingereza chini ya maneno ya Kiswahili. Mtoto husikia maneno ya nyumbani yakiimbwa kwa mahadhi ya ugenini.

Kazi iliyotungwa kwa Kiswahili, kwa upande wake, inaweza kutumia hazina ambazo Kiingereza hakina. Mbili zatosha kutajwa. Ya kwanza ni tanakali za sauti: kuanguka pu, kutumbukia chubwi, kukatika kacha. Hizi ni sehemu ya sarufi ya msimulizi, na mwigizaji wa sauti aliyezinyimwa amenyimwa nusu ya ala zake. Ya pili ni upatanisho wa ngeli. Msimulizi anaweza kusema zimwi lilikuja, likiwa kitu, na baadaye zimwi alikuja, akiwa mtu. Mpito huo mdogo humwambia msikilizaji kwamba zimwi sasa limevaa ubinadamu, hata kabla halijasema neno. Mwandishi wa maandishi ya katuni anayelijua hilo humpa mwigizaji nafasi ya kubadili sauti pale pale panapobadilika kiambishi. Asiyelijua huandika alikuja tangu mwanzo hadi mwisho, na mpito ule hauwezi kurudishwa na studio yoyote.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni kwamba picha haifungwi na lugha moja. Akili and Me imetiwa pia Kinyarwanda. Basi hakuna sababu ya kiufundi ya kuzuia picha hizo hizo zisisemwe Kikeiyo au Kinandi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ambayo iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi, inaitaka serikali pia kuendeleza na kulinda lugha za wenyeji. Mwaka 2020, shule zilipokuwa zimefungwa, ilianzishwa nchini idhaa ya televisheni ya watoto, Akili Kids!. Njia ya kufikisha sauti majumbani basi ipo. Wenye wasiwasi kwamba Kikalenjin katika televisheni kitakipunguzia Kiswahili nguvu wanasahau kwamba mtoto anayesikia zimwi na chemosi kila lugha kwa ustadi wake ndiye atakayetenganisha z na s bila ya kufundishwa kwa fimbo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ngano ina nadharia yake ya sauti, nayo ni kali kuliko ile ya watengenezaji wengi wa katuni. Ngano humfundisha mtoto kuihoji sauti tamu na kuitambua sauti ya kwao hata ikiwa nzito. Katuni ya kibiashara aghalabu humfundisha kuiamini sauti tamu na kuicheka sauti ya kwao. Tinga Tinga Tales ilifanya kazi njema kwa macho na kwa wimbo, na inastahili kukumbukwa kwa hiyo. Lakini kwa upande wa usemi iliazima lafudhi isiyo ya mtu yeyote, na kwa hivyo iliacha nusu ya ngano nje ya mlango.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, idara za lugha za Kiafrika, hasa zilizo karibu na Eldoret, zirekodi wasimulizi wa Kaptagat na vitongoji vyake, si maneno yao tu bali namna wanavyomtofautisha sungura na tembo kwa kasi, kimo na pumzi. Kwani maandishi ya Hollis, pamoja na thamani yake yote, hayakuweza kuhifadhi hayo. Pili, maandishi ya katuni za Kiswahili yahaririwe na watu wanaojua ngeli na tanakali za sauti, na uhariri huo ufanywe kabla ya kurekodi. Tatu, kila mwelekezi wa sauti ajiwekee jaribio jepesi: abadilishe lafudhi za shujaa na mjinga, kisha asikilize tena. Ikiwa kisa kimeporomoka, basi hakikuwa kimejengwa juu ya tabia za wahusika bali juu ya dharau.

Waswahili husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kwa kawaida kuhimiza watu kubaki na wanaowajua, hata kama ni wabaya. Katika habari ya ngano za televisheni yafaa isomwe kwa makini zaidi. Mtoto wa Kaptagat hatakosa kukutana na mazimwi. Ngano haimwahidi hivyo. Anachostahili ni kwamba yule anayemsimulia habari za zimwi awe na sauti anayoweza kuijibu kwa jina.